Vyumba 64

Injini ya petroli inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, krenki humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 10. Ndani ya muda huo kontroli boksi inatakiwa ijue pistoni imefika wapi, hewa iliyoingia ni kiasi gani, nozeli ifunguliwe kwa muda gani na plagi ipige cheche wakati gani. Kwa miaka mingi hesabu hiyo ilikuwa mali ya viwanda. Bosch walipouweka mfumo wao wa D-Jetronic kwenye Volkswagen 1600 mwaka 1967, mwenye gari alipata kiboksi kilichofungwa. Kikifa, ananunua kingine.

Mwaka 2001 wahandisi wawili wa Marekani, Bruce Bowling na Al Grippo, walitoa MegaSquirt: mchoro wa saketi, maelezo ya kuiunda na programu ya kuiendesha, kwa yeyote aliye tayari kushika chuma cha kulehemia. Prosesa yake ilikuwa ya Motorola, ya megahezi 8, na toleo lile la kwanza lilipima mafuta tu. Cheche ziliachiwa distributa. Bei yake ilikuwa ndogo sana ukiilinganisha na mifumo ya mashindano kama MoTeC, inayoweza kufika dola elfu kadhaa. Unafuu ni neema, sikatai. Ila ninachokipenda hasa ni ufundi ambao unafuu huo uliuweka mikononi mwa watu: kuijua injini moja, hiyo hiyo iliyo mbele yako, hadi uweze kuiandika kwa tarakimu.

Msingi wa hesabu ni ule ule wa D-Jetronic. Pima shinikizo la hewa ndani ya manifoldi, lizidishe kwa ujazo wa silinda, gawa kwa joto la hewa hiyo. Shinikizo la hewa ya Mombasa ni karibu kilopaskali 101. La Nairobi, juu kule, ni kama 82. Gari la kabureta lililorekebishwa pwani likipanda bara huanza kunywa mafuta kupita haja yake, na fundi wa huko hulazimika kulirekebisha upya. Lenye sensa ya shinikizo hujipunguzia lenyewe njiani, Voi, Mtito Andei, Athi River, wala dereva hana habari.

Lakini silinda haijai hewa kikamilifu. Kuna mwendo ambao hujaa asilimia 60, kuna mwendo hupita 90, na kila injini ina tabia yake kulingana na valvu, kemshafti na ekzosi. Tabia hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye jedwali. Katika MegaSquirt ya kwanza lilikuwa na ngazi 8 za mwendo na 8 za shinikizo, vyumba 64, idadi ile ile ya kete za bao. Na kama kwenye bao, hakuna shimo linalochezwa peke yake. Injini huwa haikai juu ya chumba kimoja. Huelea katikati ya vyumba vinne, na boksi huchukua namba zote nne, kila moja kwa uzito wa ukaribu wake. Ukigusa moja umewagusa majirani.

Kuzijaza namba hizo ni kazi ya watu wawili: mmoja anaendesha, mwingine ana kompyuta mapajani. Dereva anashika mwendo wa mizunguko 2,500 kwa dakika, gia ya tatu, mguu umetulia. Msomaji anaangalia sensa ya oksijeni. Petroli huungua yote kwa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta, kwa uzito; injini ikielemewa, mlima au mguu chini kabisa, huhitaji mafuta zaidi, karibu 12.5. Sensa ikisema 13.7 mahali panapotakiwa 14.7, chumba chenye 60 kinashushwa hadi 56, kisha mnahamia kingine. Programu ya TunerStudio inaweza kuzirekebisha namba hizi yenyewe, na sioni ubaya. Upande wa cheche, hata hivyo, hakuna sensa ya bei ndogo itakayokuambia kuwa hapa ndipo penyewe. Cheche ikichelewa, nguvu zinatokea ekzosi. Ikiwahi mno, injini inagonga, na kugonga hutoboa pistoni. Hapo unahitaji sikio lililozoea, subira, na ujasiri wa kurudi nyuma digrii mbili unapotia shaka. Huu ndio ufundi ninaouheshimu kuliko wote katika kazi hii.

Kuna mambo madogo yanayomtambulisha fundi wa kweli. Nozeli, kwa mfano, haifunguki papo hapo. Kwenye volti 13 hivi huchukua karibu milisekunde 1 kabla mafuta hayajapita vizuri, na betri ikishuka muda huo unarefuka. Injini ikiwa sailensi, nozeli hupewa amri ya milisekunde 2 au 3 tu. Maana yake theluthi nzima au zaidi ni kusubiri. Kipimo hiki kikikosewa, ukiwasha taa kubwa injini inatetemeka, na asiyejua anaenda kuharibu jedwali lililokuwa sahihi. Waya wa ethi nao: sensa zote zirudishe ethi yao sehemu moja, mbali na koili, la sivyo boksi itasoma kelele na kudhani ni joto.

Kwa hiyo anayechagua mfumo wa bei nafuu aanze na gari lake. Aangalie gurudumu la meno linaloiambia boksi krenki iko wapi. Ford walizoea nafasi 36 jino moja likikosekana, Bosch 60 yakikosekana mawili. Magari mengi ya zamani ya Japani yana mpangilio wao ndani ya distributa, na boksi isiyousoma haifai hata ikitolewa bure. Kisha atenge fedha ya sensa ya oksijeni inayotoa kipimo kamili, kwa sababu ile ya kawaida ya kiwandani husema tu mafuta mengi au machache. Nimesikia wengi wakiiona hiyo kama anasa. Bila hiyo unajaza vyumba gizani.

Baada ya hapo uchaguzi ni mwepesi. MegaSquirt ina maelezo yaliyokomaa: bodi yake ya V3 unaijenga kwa hatua, kwanza sehemu ya umeme, unapima volti 5, ndipo unaendelea, hadi kwenye kiunganishi cha pini 37. Msimbo wake ulichapishwa, ila kwa sharti la kutumiwa kwenye vifaa vyao. Speeduino, mfumo mwingine wa aina hii, hutumia bodi ya Arduino Mega 2560, ina vyumba 256, na mchoro wake uko wazi kwa yeyote kuunakili na kuubadili. Kwa injini ya silinda nne isiyo na makuu, mimi ningechukua Speeduino, maana kinachoungua unaweza kukibadilisha kwa kipuri cha duka la vifaa vya umeme.

Kinachobaki mwisho ni kuwasha injini ikiwa baridi. Injini hupoa kabisa mara moja kwa usiku, basi asubuhi moja ni jaribio moja: washa, sikiliza, ongeza kidogo kwenye mstari wa joto la leo, hifadhi faili, nenda kazini. Faili hilo ukimpa mwenye injini kama yako ataanzia mbali kuliko ulipoanzia wewe. Atalazimika kupima mwenyewe taimingi kwa taa kwenye puli, kuingiza kipimo cha nozeli zake, na kupita vyumba vyake kimoja kimoja.