Kinanda cha Mbali, Mkono wa Hapa

Jioni moja katika mtaa wa Shari, hapa Bunia, nilimkuta kijana wa Kialuri ameketi mbele ya nyumba yao, akikaza nyuzi za adungu moja baada ya nyingine, na kila alipomaliza mmoja alirudi kuusikiliza ule wa kwanza, maana ngozi iliyowambwa hulegea kadiri mzigo wa nyuzi unavyozidi, na uzi uliokuwa sawa punde hivi huwa umekwisha kushuka. Nilipomwuliza kwa nini hamalizi mara moja, alinijibu kwa adabu, "Papa, ngozi haitaki haraka," kisha akainamisha tena sikio lake. Maneno hayo machache yamenikaa moyoni, nayo ndiyo yaliyonifanya nikate shauri kuandika sifa za ufundi wa wapiga nyuzi, hasa wale waliotwaa kinanda kilichozaliwa mbali na kwao, wakakitumikia kwa subira mpaka kikawatii.

Adungu ni kinubi cha Waaluri, watu ambao nchi yao imelalia mpaka, upande huu Mahagi katika Ituri yetu, na upande wa pili Nebbi katika Uganda. Fundi huchonga kigogo mpaka kiwe mfano wa hori dogo, akawamba ngozi juu yake, akalaza chini ya ngozi ubao mwembamba wa kufungia nyuzi, kisha akachomeka shingo iliyopindwa kama upinde, yenye vigingi vya kukazia. Mti, ngozi na uzi: hayo matatu ndiyo yaliyomo pia katika banjo, ambayo kwa hakika ni ngoma iliyotiwa shingo, na ambayo asili yake ni Afrika ya Magharibi, ingawa wengi huidhania kuwa ni mzaliwa wa Marekani. Waliotekwa utumwani hawakuachiwa kitu mikononi ila pingu. Walichovuka nacho bahari kilikuwa ni maarifa yaliyomo vichwani mwao, na huko Karibi wakatafuta kibuyu na ngozi wakakiunda kinanda upya.

Kutoka mikono hiyo banjo iliingia katika mikono mingine mingi, hata Desemba 1945 kijana mmoja wa Marekani, Earl Scruggs, alipojiunga na bendi ya Bill Monroe akiipiga kwa vidole vitatu, kila kidole kikifuata mwenzake bila kuacha pengo, na muziki huo ukaja kuitwa bluegrass kwa jina la bendi ile. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia sauti hiyo ilifika Japani, na katika mji wa Kobe, mwaka 1967, vijana wakaunda bendi yao, Bluegrass 45, Saburo Watanabe akishika banjo; na mwaka 1971 wakasafiri hadi Marekani, wakapiga muziki ule mbele ya wenyewe waliozaliwa nao. Mtu hathubutu kumwimbia mwenye nyumba wimbo wake mwenyewe, asipokuwa ameusikiliza kwanza kwa taadhima kubwa.

Lakini Bahari ya Hindi nayo ina kisa chake, nacho kinatuhusu zaidi sisi wasemao Kiswahili. Mwaka 1912, katika mji wa Nagoya, Mjapani Morita Goro alitwaa nyuzi za kinanda cha kwao akaziwekea vitufe vilivyofanana na vya taipureta, na kwa kuwa mwaka huo ndipo ilipoanza enzi ya Taisho, kinanda kikaitwa taishogoto. Kikafika Bara Hindi, ambako walikipa jina la bulbul tarang, yaani mawimbi ya bulbuli, na wengine wakakiita banjo, kama kwamba jina la kile kinanda cha Kiafrika lilikuwa likitafuta ndugu. Wabaluchi nao wakakiita benju. Mwisho kikatia nanga Mombasa, ambako watu wa taarabu walikipokea na kukiita taishokoto.

Mpigaji hukilaza kinanda hiki mbele yake, mkono wa kushoto ukibonyeza vitufe, na wa kulia ukipitisha kipande kigumu juu ya nyuzi, nazo zikatoa sauti kali ya madini inayomemeteka juu ya ngoma. Udi, usio na vizuizi shingoni, huweza kuteleza kutoka sauti hii hadi ile, kama linavyoteleza koo la mwimbaji. Taishokoto haiwezi, kwa kuwa kila kitufe kina sauti yake moja, haipandi wala haishuki. Hapo ndipo ustadi unapodhihirika. Msikilize mpiga taishokoto Mohamed Adio Shigoo nyuma ya mwimbaji wa taarabu Zuhura Swaleh: pale ambapo kinanda hakiwezi kuteleza, yeye hukimbia, akijaza nafasi kwa mapigo madogo ya haraka yaliyoshikana kama shanga katika uzi, hata ule upungufu ukawa ndio pambo, na mwendo wa chakacha, ngoma ya pwani, ukapata ndani ya sauti hiyo mwenzi ambaye ungedhani alizaliwa nao katika mtaa mmoja.

Basi mimi nashikilia kwamba kinanda hakimilikiwi kwa nasaba. Aliyekizua ana heshima yake, na historia yake haifai kufichwa, ya banjo hasa, kwa kuwa imeandikwa kwa machozi. Lakini baada ya heshima hiyo, kinanda ni cha yule aliyekaa nacho, akajua kinachoweza na kisichoweza, akakubali kufundishwa nacho kabla ya kukiamrisha. Mjapani wa Kobe alifanya hivyo, Mswahili wa Mombasa alifanya hivyo, na kijana wa Shari, ijapokuwa adungu ni urithi wa babu zake, naye hakusamehewa kazi hiyo: ilimpasa arudi kwenye uzi wa kwanza, tena na tena, mpaka giza lilipoingia na nyuzi zote zikakubaliana.

Kwa hiyo, ewe msomaji, ukimwona mtoto wako ameinama juu ya kinanda saa nzima pasipo kupiga hata wimbo mmoja, usimwite kuteka maji wala usimwambie kwamba anapoteza wakati. Mwache amalize kukaza nyuzi zake.