Pedi Hujulikana kwa Kuachia

Anayerudi kutoka uwanja wa mbio wa Nürburgring, Ujerumani, na gari lake la kutembelea husifia pedi mpya kwa neno moja: zinakamata. Kagusa tu pedali, gari likainamisha pua, abiria nusura ale dashibodi. Basi hizo ndizo pedi, na wenzake wanaagiza. Sifa hiyo inakera kwa sababu haipimi kitu. Kinachosimamisha gari ni tairi na lami. Pedi za kawaida zilizokuja na gari, zikiwa za baridi, zinatosha kubana magurudumu mpaka ABS ianze kupigapiga unyayo, na ukifika hapo hakuna pedi, hata ya bei gani, itakayokupunguzia mita moja. Anayelipia ukali wa mguso wa kwanza analipia kitu alichokuwa nacho tangu anunue gari.

Ni kweli pedi hizo za kawaida hazifai uwanjani, ila kosa lao ni joto. Kupunguza mwendo kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 100 huzalisha joto mara tatu ya kutoka 100 hadi kusimama kabisa, na Nordschleife, mzunguko mrefu wa Nürburgring, una zaidi ya kilomita 20 za kurudia hesabu hiyo, mbaya zaidi kwenye mteremko wa kushukia Breidscheid. Gundi ya pedi ikiungua, pedali inabaki ngumu na gari linaendelea na safari zake. Madereva wa malori wanaoshuka mlima Kitonga, Tanzania, wanaijua harufu yake. Pedali ikizama, usimlaumu aliyetengeneza pedi: mafuta ya breki yamechemka. DOT 4 iliyokwisha kunywa unyevu, kiwango kinairuhusu ichemke hata kwa nyuzi 155.

Joto, hata hivyo, wauza pedi wanalijua, ndiyo maana nyuzi zake huandikwa kwenye boksi kwa wino mwekundu. Wasichokiandika ni namna pedi inavyoachia. Dereva anayejua kazi haimalizi breki kabla ya kona. Anaingia nayo, na kadiri anavyoongeza usukani ndivyo anavyopunguza mguu, kidogo kidogo, kama mtu anayeshusha ndoo kisimani kwa kamba. Muda wote huo uzito umelalia tairi za mbele, nao ndio unaozifanya zigeuke. Pedi nzuri hufuata kila chembe ya mguu iliyoondolewa. Mbovu hung'ang'ania: mguu umepungua nusu, breki bado zimeshika, kisha zinaachia kwa mpigo, pua inanyanyuka, gari linakwenda zake nyasini. Mwenyewe atasema tairi zimechoka. Jackie Stewart, bingwa wa dunia wa Formula 1 wa 1969, 1971 na 1973, alisifika kwa ulaini wa mguu, hasa wakati wa kuuondoa, enzi ambazo hapakuwa na kompyuta ya kumsitiri mtu. Siku hizi watu wanajisifu kwa kukanyaga.

Ushahidi wa kuachia uko kwenye diski. Pedi iliyozoeshwa vizuri huacha utando wa kijivu uliolingana ukingo hadi ukingo. Mbovu, au nzuri iliyochomwa kabla ya kuzoeshwa, au iliyofungwa juu ya utando wa pedi za aina nyingine, huacha mabaka kama ya chapati. Usukani ukianza kutetemeka, gereji itasema diski imepinda. Carroll Smith, mhandisi wa mbio wa Marekani, aliupinga usemi huo: alichokuwa akikikuta ni mabaka ya pedi, si chuma kilichopinda.

Atakayesema magari ya leo yanagawa breki yenyewe, kwa hiyo mguu haujalishi, anasahau kwamba kompyuta nayo inabana na kuachia kwa pedi zilezile. Hoja ya kelele na vumbi ina uzito zaidi: pedi za uwanjani hulia zikiwa za baridi na hula diski barabarani. Basi zifungwe asubuhi ya uwanja na zifunguliwe jioni. Pedi ya kila kazi ni ya mtu asiye na kazi. Na muuzaji anayekujaribishia mtaani kwa mwendo wa 50 anakuonyesha mguso wa kwanza tu, kwa kuwa anajua ndio utakaoununua. Herufi FF ubavuni mwa pedi nazo hazitakuokoa: F ni msuguano wowote kati ya 0.35 na 0.45, uliopimwa kwenye kipande cha inchi moja ya mraba. Mwombe muuzaji diski ya gari lililoshinda siku nzima uwanjani na pedi hizo, uigeuzegeuze kwenye mwanga.