Nyumba ya karatasi, mlango wa nani?

Kila Jumamosi nakaa na vijana wakimbizi hapa Buyenzi, tunachora. Nikiwaambia wachore nyumba, wengi wanaanza na mlango, tena wenye kufuli. Ndiyo maana leo nataka tumzungumzie Shigeru Ban.

Huyu ni mchoraji wa majengo, Mjapani, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1957. Alisoma Marekani, na mwaka 1985 akafungua ofisi yake mwenyewe. Mwaka 1995 alimaliza nyumba karibu na ziwa Yamanaka, nguzo zake zikiwa mirija ya karatasi ngumu, kama ile ya kuviringishia vitambaa. Kitu ambacho wengine wanatupa, yeye anajengea.

Mwaka 1994 Wanyarwanda zaidi ya milioni mbili walikimbia nchi yao. Walipewa turubai, wakakata miti ya kuzisimamishia, misitu ikaanza kwisha. Wakaletewa nguzo za alumini. Wakaziuza, wakarudi kwenye miti! Ban akaipelekea UNHCR wazo lake la mirija ya karatasi: inabeba turubai vizuri, lakini sokoni haina bei. Baadaye vibanda 50 vya majaribio vilijengwa Byumba, Rwanda.

Hapo namsifu, na hapo hapo nina neno naye. Namsifu kwa sababu alielewa kwamba kosa lilikuwa kwenye nguzo. Lakini jamani, tuangalie vizuri: uzuri wa nguzo ile ni kwamba mkimbizi hawezi kuiuza. Na mama anayeuza nguzo ya nyumba yake anatafuta nini, kama si chumvi, sabuni na dawa ya mtoto? Karatasi iliokoa miti. Shida ya yule mama ilibaki palepale.

Ban mwenyewe anajua njia nyingine. Mwaka 2000, huko Saitama, familia moja ilimwambia inataka kuishi bila kufichana. Akawajengea ukumbi mmoja mkubwa, na ndani yake vyumba vidogo vyenye magurudumu. Alianza kwa kusikiliza wenye nyumba, kisha ndipo akachora.

Sisi tulioishi chini ya turubai tunaomba hilo hilo. Nyinyi wa mashirika, kabla hamjachagua nguzo, karatasi au chuma, muulizeni mama atakayelala humo mlango uelekee wapi, na utafungwa na nini. Vijana wangu wameshalijibu, na michoro ipo.