Namna ya Kupima Ubora wa Mbuzi Choma

Mbuzi choma huivishwa kwa makaa, chumvi na muda. Haina mchuzi wa kuifunika wala viungo vya kuficha harufu yake, na kwa hiyo mlaji mzoefu hutambua kwa kuitazama, kuinusa na kuitafuna ni hatua gani ilifanywa sawasawa na ni ipi iliyorukwa. Hatua hizo hazibadiliki, iwe nyama imechomwa Kikopey kando ya barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, kwenye mnada wa Msalato jijini Dodoma, au kwenye pipa lililopasuliwa katikati nyuma ya nyumba, ndugu na majirani wakisubiri kivulini.

Mnyama

Ubora huanzia kwenye umri. Mbuzi wa mwaka mmoja hadi miwili ndiye anayefaa zaidi kwa kuchoma. Mwanambuzi ana nyama laini ambayo bado haijakolea ladha. Mbuzi mzee ana ladha nzito, lakini nyuzi za nyama yake hazilegei ila kwa kuchemshwa muda mrefu. Umri husomwa mdomoni. Mbuzi ana meno manane ya mbele, yote kwenye taya la chini. Jozi ya katikati ya meno ya utotoni hung'oka na kupisha meno makubwa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu, na jozi inayofuata hubadilika akikaribia miaka miwili. Meno mawili makubwa katikati na madogo pembeni ni alama ya mbuzi wa kuchoma. Mwenye manane yote makubwa ni wa supu.

Jinsia nayo ina uzito wake. Dume aliyehasiwa mapema hunenepa na nyama yake haina harufu kali. Beberu mzima, hasa wakati wa kupanda, hubeba harufu inayokaa kwenye mafuta, na moto hauiondoi. Jike ambaye hajazaa hufaa pia.

Unono hupimwa kwa kiganja. Mnunuzi hupitisha mkono mgongoni hadi kiunoni, na mifupa ya uti ikichomoza mnyama amekonda. Mbuzi huhifadhi sehemu kubwa ya mafuta yake tumboni na kuzunguka figo, si chini ya ngozi. Ndiyo sababu buchani wajuzi hutazama figo kwanza: zikiwa zimezungukwa na mafuta mengi meupe, mnyama alilishwa vizuri. Mafuta ya mbuzi huwa meupe hata kwa mnyama wa malishoni. Yaliyogeuka manjano ni dalili ya nyama iliyokaa mno, au ya mnyama aliyekuwa mgonjwa.

Nyama mbichi

Mzoga unaouzwa kihalali una muhuri wa mkaguzi wa nyama, na bila muhuri huo hakuna haja ya kutazama kingine. Nyama nzuri ni nyekundu isiyo nyeusi. Ngozi yake ya juu ni kavu kidogo isiyoteleza, na ikibonyezwa kwa kidole hurudi mahali pake. Damu iliyoganda karibu na mifupa huonyesha kwamba mnyama hakuchuruzika vizuri alipochinjwa, na nyama ya namna hiyo huharibika haraka na kuwa na ladha ya chuma.

Muda baada ya kuchinja hupuuzwa na wengi. Saa chache baada ya mnyama kufa, misuli hukakamaa, na nyama inayowekwa motoni wakati huo huwa ngumu hata mbuzi akiwa kijana. Ukakamavu huanza kulegea kadiri siku inavyopita. Kwa hiyo anayealika wageni Jumapili huchinja au kununua Jumamosi, akaitundika nyama mahali pa baridi penye hewa, au akaiweka kwenye friji baada ya joto la mwili kutoka polepole. Nyama inayotupwa kwenye friza ikiwa bado vuguvugu hujikaza na haitalainika tena vizuri.

Vipande navyo havifanani. Mbavu zina mafuta na utando, huiva haraka na huwa na ladha kuliko sehemu nyingine. Paja lina nyama nyingi lakini hukauka mchomaji akizembea. Mkono una mishipa mingi na hutaka moto wa taratibu. Shingo ni bora iende kwenye supu. Mchomaji anayeweka vyote motoni kwa wakati mmoja na kuviondoa pamoja amekwisha kuharibu kimojawapo.

Makaa na moto

Mkaa mzuri hutokana na mti mgumu, kama mgunga. Vipande vyake ni vikubwa na vizito, na vikigonganishwa hulia kwa sauti kali. Mkaa mwepesi unaovunjika vumbi huwaka kwa kishindo na kuzimika kabla paja halijaiva. Jiko likiwashwa kwa mafuta ya taa, plastiki au mbao zilizopakwa rangi, harufu hiyo huingia kwenye nyama na mlaji huipata tangu tonge la kwanza. Vijiti vikavu vinatosha.

Nyama haiwekwi juu ya mwali. Mchomaji hungoja mpaka makaa yote yavishwe jivu la kijivu, kisha huyakusanya upande mmoja, ili jiko liwe na sehemu kali na sehemu ya pole. Joto hupimwa kwa kiganja kilichowekwa usawa wa waya. Kikishindwa kuvumilia zaidi ya sekunde 2, moto ni mkali na unafaa kugeuza rangi tu. Kikivumilia sekunde 5 au 6, moto ni wa wastani, na hapo ndipo nyama huiva.

Kuchoma

Uso wa nyama hupanguswa ukauke kabla ya kuwekwa kwenye waya. Rangi ya kahawia na harufu inayowatoa majirani nyumbani hupatikana uso unapopita nyuzijoto 140 hivi, na maji hayawezi kupita 100 kabla hayajawa mvuke. Kwa sababu hiyo nyama iliyolowa hutokota kwanza na kuwa na rangi ya majivu. Chumvi hupakwa usiku wa kuamkia siku ya kuchoma ili ipenye ndani, au hunyunyizwa kama maji ya chumvi nyama ikiwa tayari imeshika rangi. Wengi hubakiza kidogo pembeni mwa ubao kila mlaji ajichovyee.

Paja zima huhitaji saa moja na nusu au zaidi upande wa pole, likigeuzwa mara kwa mara. Mbavu hutaka chini ya saa moja. Muda huo una kazi yake. Tishu ngumu zinazoshikanisha misuli huanza kuyeyuka na kuwa ulojo pale nyama inapokaa muda mrefu ikiwa imepita nyuzijoto 70. Mchomaji mwenye haraka huunguza nje na kuacha ndani pakiwa pagumu. Mafuta yakidondoka yakawasha mwali, nyama husogezwa pembeni. Ikiachwa hapo hushika masizi meusi machungu, na masizi hayo si afya kwa mlaji.

Moshi

Jiko la pipa lenye kifuniko huruhusu namna nyingine, ya kuivisha kwa moshi na joto la pole, nyuzijoto 110 hadi 120, kwa saa kadhaa. Kuni zinazofaa ni za miti ya matunda kama mwembe, mpera na mchungwa, zikiwa zimekauka. Msonobari na mkaratusi hutoa moshi mkali, na mnyaa hauguswi kabisa kwa sababu utomvu wake hudhuru macho. Moshi mzuri ni mwembamba, wa buluu hafifu, karibu usionekane. Moshi mweupe mzito ni wa kuni mbichi au zilizokosa hewa, na huacha uchungu unaokaa kooni.

Nyama iliyoiva kwa moshi inaweza kuwa na utepe wa rangi ya waridi chini ya ganda la nje. Utepe huo hutokana na gesi za kuni kukutana na rangi asili ya nyama, wala si dalili ya ubichi. Ubichi hutafutwa karibu na mfupa: majimaji ya hapo yakiwa bado na damu, nyama irudi motoni. Mwenye kipimajoto huhakikisha kina cha nyama kimefika angalau nyuzijoto 63. Paja la mbuzi hulainika zaidi likipitishwa 80.

Kukata

Nyama ikitoka motoni hupumzishwa dakika 10 hadi 15. Inayokatwa papo hapo humwaga maji yake ubaoni, na dimbwi hilo ni ushahidi wa haraka ya mchomaji. Haifunikwi kwa kubanwa, maana mvuke hulainisha ganda la nje.

Kisu kikali hukata kukingama nyuzi, vipande vya ukubwa wa kidole gumba, kila kipande kikiwa na sehemu ya ganda. Panga butu huvunja mifupa na kuacha vigae vidogo vinavyoumiza meno. Kwenye mbavu, mfupa hutenganishwa na mwenzake kwenye nyama iliyo katikati, ili kila mlaji apate nyama pande zote mbili.

Kuonja

Tathmini huanza kwa jicho. Rangi iwe kahawia iliyoiva, yenye madoa machache meusi kwenye kingo tu. Inafuata pua, ambayo hutafuta harufu ya mafuta yaliyokaangika na moshi kidogo, pasipo mafuta ya taa wala ubeberu. Kisha huja meno: ganda livunjike kwanza, nyama iachie maji, na nyuzi zikatike bila kuvutana. Nyama nzuri ya mbuzi hutaka kutafunwa. Ile inayosambaratika mdomoni mara nyingi ilichemshwa kabla ya kuchomwa, hila ya kawaida pale wateja wanapokuwa wengi. Hutambulika pia kwa rangi ya kijivu iliyo sawa kuanzia ukingoni hadi mfupani. Kwenye mfupa, nyama iachie kwa kuvutwa kidogo, lakini isianguke yenyewe.

Kachumbari, ugali na ndizi za kuchoma ni vya kusindikiza. Kitunguu cha kachumbari husuguliwa kwa chumvi na kusuuzwa ili kisizidi nguvu, na ndimu hukatwa mwishoni. Kachumbari yenye pilipili nyingi kupita kiasi hufanya kazi ya kuficha, na mjuzi huonja nyama peke yake kabla ya kuigusa.

Nyama huliwa ikiwa moto. Mafuta ya mbuzi huganda upesi kuliko ya wanyama wengi na kushika kaakaa, na hata nyama iliyochomwa vizuri huonekana mbaya ikipoa. Kwa hiyo mchomaji hodari hukata kidogo kidogo kadiri sahani zinavyopungua, na kilichobaki hukaa upande wa pole wa jiko.