Robo ya Mzunguko

Ringi iliyopinda hainyooshwi kwa nyundo. Nyundo ina zamu yake, na nitaifikia, lakini fundi anayeanza nayo usimwachie baiskeli unayoitegemea. Fundi anayeijua kazi huipindua baiskeli ikasimama kwa kiti na usukani, akalisukuma gurudumu kwa kidole, akaliangalia likizunguka. Spana hajaishika. Anaangalia ringi inavyopita kati ya miguu miwili ya foki: hapa imesogea kushoto, hapa imerudi, hapa imepanda kidogo. Mwenye baiskeli ana haraka, ana mzigo, anaona muda unapotea. Kumbe kazi imeshaanza, na sehemu yake ngumu kuliko zote ndiyo hiyo.

Wageni wanaofika kusini mwa Tanzania husifu vinyago vya mpingo, na wachongaji wale wanastahili. Mimi naomba sifa ya kiasi hicho hicho kwa fundi baiskeli wa Masasi na Newala. Banda lake mara nyingi ni kivuli tu cha mwembe au mkorosho, na benchi la kukalia wateja. Ringi kuukuu zimetundikwa kwenye tawi ili apitaye ajue. Chini pana karai la maji ya kutafutia pancha, pampu, kopo la gololi zilizolowa grisi, fungu la spoku lililofungwa kwa kipande cha tyubu, na ile spana ndogo ya duara yenye mikato ya saizi mbalimbali. Hiyo ikipotea, siku imeharibika.

Uzito wa kazi hii unatokana na ardhi yenyewe. Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe vilivyochomoza kimoja kimoja. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na ukisimama pale Shimo la Mungu unaona nchi inavyoporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Juu kule mvua hunyesha, ila mito hakuna: mchanga huyanywa maji, nayo huenda kuibukia mabondeni. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika habari za watu kuishi mbali na maji namna hiyo. Miradi ya mabomba imekuja tangu zama za mkoloni, na Finland iliisaidia mikoa ya Mtwara na Lindi kuanzia miaka ya 1970. Lakini bomba likikauka, njia ya bondeni inafufuka, na siku hiyo baiskeli ndiyo inayoleta maji nyumbani.

Dumu moja la lita 20 ni kilo 20. Manne yakifungwa kwenye keria ni kilo 80, na karibu zote zinalikalia gurudumu la nyuma, huku mwenyewe akisukuma mchangani. Oktoba ikifika mzigo unakuwa magunia ya korosho kwenda ghala la chama cha msingi. Miezi kabla ya hapo ilikuwa mifuko ya salfa ya kupulizia ubwiri unga. Baiskeli zinazobeba haya mnazijua: Phoenix ya China, Hero kutoka Ludhiana nchini India, Raleigh za wazee, na ukibahatika kuiona, Swala iliyotengenezwa na kiwanda chetu cha NABICO. Umbo lake ni la kale la Waingereza, lililorithiwa na Wahindi na Wachina: gurudumu la inchi 28, spoku 32 mbele, spoku 40 nyuma.

Nyingi zina breki za vyuma, ambazo raba zake huvutwa juu zikabana ringi kwa upande wa ndani, si ubavuni. Jambo dogo, ila lina matokeo. Kwenye baiskeli ya breki za waya ringi ikiyumba kidogo tu, raba inasugua na mwenyewe anasikia. Kwenye Phoenix hasikii kitu. Ataendelea na safari zake hadi tairi lenyewe lianze kula foki, ndipo alete. Fundi wa huku hupokea magurudumu yaliyochelewa.

Spoku ni uzi wa chuma wenye unene wa milimita 2 hivi. Ukiisukuma kutoka nchani inapinda papo hapo. Ukiivuta, inahimili mzigo mkubwa ajabu. Gurudumu zima limejengwa juu ya tofauti hiyo. Kila spoku inaivuta ringi kuelekea kwenye habu, na ringi inabaki duara kwa kuwa mvuto wa upande mmoja unajibiwa na wa upande wa pili, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa kwa vigingi pande zote. Mzigo ukiikalia ekseli, zinazoguswa hasa ni spoku chache zilizo chini wakati huo: zinalegea kidogo, kisha zikipanda zinakaza tena. Jobst Brandt, mhandisi wa Marekani, aliyaonyesha haya kwa hesabu katika kitabu chake The Bicycle Wheel cha mwaka 1981. Gurudumu la inchi 28 huenda karibu mita 2.2 kwa mzunguko mmoja. Kwa hiyo katika safari ya kilomita 20 kila spoku imelegea na kukaza mara 9,000. Iliyokazwa sawasawa huvumilia. Iliyoachwa legelege huchezacheza mpaka siku moja ikatike shingoni, pale inapopinda kuingia kwenye habu.

Sasa mtazame fundi. Ameegemeza mkono kwenye foki, chaki vidoleni, gurudumu linazunguka, na chaki inagusa pale tu ringi iliposogea. Anasimamisha. Pana mstari mweupe wenye urefu wa kiganja. Anazipiga spoku za hapo kwa bisibisi, moja baada ya nyingine: ya kwanza inalia sauti nyembamba, ya pili vilevile, ya tatu inatoa mlio butu. Amekwishaijua.

Kama ringi imeelemea kushoto, atakaza spoku inayokwenda upande wa kulia wa habu. Anayejifunza huishia hapo. Mzoefu huilegeza kwanza ya kushoto iliyo jirani, kwa kiasi kilekile atakachokaza, kwa sababu spoku haivuti ubavuni peke yake, huvuta na kwa ndani. Ukikaza tu bila kulegeza popote, jioni utakuwa na gurudumu lisiloyumba lakini limepoteza duara, na mwenye madumu atarushwa kila mzunguko. Kiasi chenyewe ni kidogo mno. Nyuzi za nati ya spoku ni nyembamba hivi kwamba mzunguko mzima wa spana huisogeza kwa pungufu ya nusu milimita. Fundi hafanyi kazi kwa mizunguko mizima. Hufanya kwa robo. Anapiga robo, anazungusha gurudumu, anatazama. Robo nyingine upande wa pili, anatazama tena.

“Shikamoo mjomba. Baiskeli vipi?”

“Marahaba. Subiri kidogo, mwanangu.”

Robo hiyo ndiyo ninayoistahi. Haionekani kwa macho, haina kelele, na haiwezi kuharakishwa. Mkono unajua pia kwamba spoku nyembamba hujinyonga pamoja na nati yake, basi spana hupitishwa kidogo kisha ikarudishwa, ili spoku ibaki imenyooka. Akimaliza duara, fundi hushika spoku mbilimbili kwa viganja na kuzibana kwa nguvu, akizunguka gurudumu zima. Zinalia tik, tik. Ni zile zilizokuwa bado zimejinyonga, zinaachia. Bora ziachie mikononi mwake kuliko kwenye mteremko.

Gurudumu la nyuma lina hila yake. Friwili inakula nafasi upande wa kulia, kwa hiyo spoku za kulia husimama wima zaidi na lazima zikazwe kuliko za kushoto ili ringi ikae katikati ya fremu. Sauti zake haziwezi kulingana, na fundi anayezilazimisha zilingane ataisogeza ringi kando. Za kulia hizo ndizo hukatika mara nyingi, na ndizo mbaya kubadilisha, maana tundu lake limefichwa na friwili ambayo huenda imeng’ang’ania kwa miaka. Penye haraka, fundi huchukua spoku, akaikata kichwa, akaikunja ncha iwe kulabu, akaipenyeza bila kufungua kitu. Mteja anafika kwake. Fundi mwaminifu atamwambia palepale kwamba hiyo ni ya kumfikisha tu.

Nyundo, basi. Tairi likiwa na upepo mdogo na likagonga jiwe, ukingo wa ringi hubonyea, na hapo kipande cha mti kigumu na nyundo vinafaa: chuma hurudi taratibu. Ringi iliyojikunja zaidi, kwa mfano baiskeli imeanguka na gunia, huhitaji mwili mzima. Fundi hulegeza kwanza spoku zote. Ndipo ailaze ringi chini, akanyage upande mmoja, avute mwingine, aigeuze, aitazame kwa usawa wa jicho. Anayekanyaga kabla ya kulegeza anapigana na spoku 40 kwa wakati mmoja, nazo zitamshinda. Chuma husamehe kazi hii. Ringi ya aluminiamu ikishajikunja hivyo, kuirudisha mara nyingi ni kuipasua.

Kuna siku fundi hutazama, akapitisha kidole gumba pembezoni mwa matundu ya spoku, akasema imekwisha. Ufa umeanza kwenye tundu moja na kuelekea la pili, au kutu imeila ringi mpaka nati inazama. Mteja atabembeleza kwa kuwa ringi mpya ni fedha, na korosho hazijauzwa. Kukataa hapo kunataka moyo, kwa sababu ufa haukazwi, na kuupokea ni kuuza safari ambayo haitafika.

Kuisuka ringi mpya kuna mbinu ninayoipenda kuliko zote. Ikiwa habu ni nzima na spoku bado zinafaa, fundi huilaza ringi mpya ubavuni mwa ile kuukuu, tundu la vali kwa tundu la vali, akazifunga pamoja kwa vipande vya tyubu. Halafu anahamisha spoku moja moja kutoka ringi hii kwenda ile. Mpangilio wote unahama bila kuvurugika: spoku kupishana na wenzake njiani kabla ya kufika kwenye ringi, mshazari ule ambao James Starley wa Coventry aliusajili mwaka 1874 ili habu ikinyongwa na pedali, ringi iifuate bila kuchelewa. Nati, kama zimeshikwa na kutu, zimelazwa kwenye mafuta ya taa tangu jana.

Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli Septemba 2025, kwa mara ya kwanza barani Afrika, magari ya timu yaliwafuata waendeshaji na magurudumu ya akiba. Likiharibika moja, jingine linafungwa kwa sekunde chache. Magurudumu yale ya kaboni yana spoku 20 au 24, na ikikatika moja ringi inaweza kusugua fremu palepale. Siyabezi, yamejengwa kwa kasi. La spoku 40 likikatikiwa na mbili bado litafika Kitangari na madumu yake, na kesho yake kuna la kufanya juu yake. Aliyelisanifu aliacha nafasi ya fundi. Bodaboda nazo, zilizochukua abiria na sehemu ya mizigo, nyingi bado zinatembelea spoku, na ziko mikononi mwa mafundi walewale: spoku nene zaidi, spana kubwa zaidi, robo ileile.

Ringi mpya huondoka na sharti moja: irudi baada ya siku chache za mzigo. Shingo za spoku hujikalisha kwenye matundu ya habu, nati hujikalisha kwenye ringi, na zile zilizokuwa zimekaza hushuka. Wengi hawarudi, kwa sababu gurudumu linaonekana zima. Ukisukiwa ringi Masasi, rudi. Fundi atazipiga spoku kwa bisibisi akisikiliza, akaze mbili tatu zilizopoteza sauti, na ndani ya robo saa utakuwa njiani kuelekea Newala.