Anayelipwa ni Mwenye Bucha

Mwindaji wa Marekani haruhusiwi kuuza nyama ya kulungu aliyempiga porini. Katazo hilo lilianza kukazwa zaidi ya karne moja iliyopita, baada ya biashara ya nyamapori kukaribia kuwamaliza wanyama kule. Kula anaruhusiwa, kumpa jirani anaruhusiwa, kuuza hapana. Kwa hiyo mwindaji mwenye kibali cha kulungu watatu na friza moja iliyokwisha kujaa ana tatizo ambalo wengi wetu huku Mbeya hatulijui: nyama imemzidi na soko hana. Mwaka 1997 Mkristo mmoja wa jimbo la Maryland, Rick Wilson, alianzisha huduma ya kuikusanya ziada hiyo na kuifikisha kwa wenye njaa. Inaitwa Farmers and Hunters Feeding the Hungry. Kwa simulizi yake, wazo lilitokana na mama aliyemkuta barabarani akihangaika kupakia mzoga wa kulungu garini ili akawalishe wanawe.

Simulizi inagusa, ila haielezi kwa nini huduma ingali hai. Huruma ya namna hiyo iko kila parokia na kila usharika, na mara nyingi huishia kwenye mchango wa Jumapili moja. Kilichofanya mambo yaende ni uamuzi wa kihasibu: fedha za michango hazinunui nyama. Zinamlipa mwenye bucha.

Mambo yenyewe huenda hivi. Mwindaji anatoa matumbo ya mnyama hukohuko porini, anamfunga lebo ya kibali, anamfikisha kwenye bucha iliyoandikishwa na huduma, anaweka sahihi na kuondoka. Halipi kitu. Bucha inachuna, inatoa mifupa, inasaga nyama yote na kuifunga kwenye pakiti ndogo zinazogandishwa. Hesabu ikipelekwa, tawi la huduma linalipa kwa bei iliyopunguzwa. Ghala la chakula cha msaada linatuma gari lake kuchukua. Kulungu mmoja hutoa nyama ya kilo ishirini na kidogo, nao wenyewe huhesabu sahani 200 hivi.

Ukiutazama mnyororo huo utaona kila mtu anafanya kazi aliyoizoea. Mwindaji hafungishwi pakiti, mchungaji hashiki kisu, ghala halifuatilii vibali. Nyama kusagwa yote nako kuna maana yake: hakuna kugombea mnofu, mpishi wa jikoni la msaada anajua afanye nini nayo, na pakiti zote zinalingana.

Kusaga huko ndiko kulikoiletea balaa misaada ya namna hii. Risasi nyingi za kuwindia zina madini ya risasi ndani yake, nazo zikimpiga mnyama hupasuka vipande vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyosambaa mbali na jeraha, na kusaga huvichanganya na nyama yote. Mwaka 2008 daktari mmoja wa North Dakota alipiga picha za eksirei pakiti za nyama ya msaada, akakuta vipande hivyo. Idara ya afya ya jimbo ikayaambia maghala yasigawe nyama ile. Uchunguzi uliofuata, wa watu 738, ulionyesha kuwa wanaokula nyamapori walikuwa na madini hayo kwenye damu kwa kiwango cha juu kidogo kuliko wasiokula. Wawindaji walilalamika kwamba wameonewa. Mimi naona idara ilifanya sawa, maana mwindaji amechagua mwenyewe anachokula, wakati mtoto wa maskini anakula alichopewa.

Sasa tuulete mfano huu nyanda za juu kusini, na hapa sheria inageuka kabisa. Kwetu, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, mnyamapori ni mali ya umma, na ukikutwa na kipande cha nyama bila kibali umekutwa na nyara ya serikali. Hata shemasi mwenye nia njema angelala mahabusu. Kanuni za mwaka 2020 zilifungua mlango wa bucha za nyamapori zenye leseni, lakini hiyo ni biashara, na mteja wake ni mwenye pesa.

Tuliwahi kuwa na mfano wetu, na haukutoka kanisani. Katika tarafa za Idodi na Pawaga, mkoani Iringa, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mradi ulioitwa Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, MBOMIPA kwa kifupi, uliendeleza kazi iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vijiji vilipewa mgawo wa wanyama, vikauuza kwa wawindaji wakazi, yaani Watanzania wenye bunduki na vibali. Mwindaji aliondoka na nyama, kijiji kikabaki na fedha za darasa au zahanati. Nyati dume ana zaidi ya kilo 600 akiwa hai, na nyama yake ni nyingi. Nyama hiyo ilipanda gari ikaenda mjini. Silaumu; kijiji kisicho na barafu wala lami kingeifanyia nini nyama yote ile kabla haijaoza? Zambia walichagua njia nyingine: utafiti uliochapishwa 2015 ulikadiria kuwa uwindaji wa kitalii huwapa wanavijiji karibu tani 130 za nyama kwa mwaka.

Kuna jambo jingine ambalo Mmarekani hahitaji kulifikiria. Mwaka 2013 mgogoro wa Wakristo na Waislamu kuhusu nani achinje ulizua vurugu Buseresere kule Geita, na Tunduma, jirani zetu. Ukigawa nyama ya mnyama aliyekufa kwa risasi, jirani Mwislamu hali. Ndiyo maana wawindaji wengi wa zamani hawakwenda porini bila Mwislamu mwenye kisu, wa kumkimbilia mnyama kabla roho haijatoka. Samaki hana kesi hiyo. Hachinjwi, na kila mtu anamla.

Hapo ndipo ninapohama kwa mwindaji na kwenda kwa mvuvi, kwa sababu njaa ya kwetu si ya ugali. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 uliikuta Iringa na udumavu wa asilimia 56.9 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, Njombe 50.4 na Rukwa 49.8, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi! Udumavu una sababu nyingi, maji machafu na mama kukosa muda wa mtoto zikiwemo, lakini sahani isiyo na kitoweo ni mojawapo, na kitoweo cha bei ya chini kinapita soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, kila siku: usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa.

Usipa huvuliwa kwa taa, siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa linakuwa kavu; giza likirudi, wanajaa kupita kiasi, bei inaanguka, na mvua za Kyela, ufukweni mwa ziwa hilo, zinawakuta wameanikwa mchangani. Wanaoza, au wanafika sokoni wamejaa mchanga. Mama wa Mwanjelwa anajua: anachota kiganja, anawapepeta kwenye ungo, anasikiliza mlio wa chembe, ndipo anauliza bei ya kisado. Walioanikwa kwenye chanja, juu ya wavu, hawana mlio huo, na ndio ghali.

Ziada basi tunayo, sawa na kulungu wa Maryland. Anayekosekana ni mwenye bucha. Kanisa likitaka kusaidia, lisianze kwa kununua usipa sokoni na kuwagawa, maana hapo linashindana na mama lishe na kupandisha bei. Liende Kyela siku za giza, limlipe mwenye chanja kwa kazi ya kukausha ule mzigo ambao mvuvi angeutupa, na limlipe mwenye gari nauli ya kupanda hadi Mbeya.

Fedha zinaweza kutoka mahali tunapopajua. Baada ya ibada, mzee wa kanisa anasimama nje na jogoo mkononi: elfu kumi, nani anaongeza? Aliyeshinda anamrudisha jogoo, anauzwa tena. Kwa mnada huo, makanisa yetu yamejua siku nyingi kugeuza kitu kinachooza kuwa fedha isiyooza, bila friza.

Ugawaji ndio mgumu. Foleni mlangoni pa kanisa humtangaza maskini, na familia yenye mtoto aliyedumaa ndiyo ya kwanza kuikwepa. Afadhali usipa wasagwe, unga wao uingie kwenye uji wa shule, ambako watoto wote wanakunywa kikombe kilekile. Mashine za kusaga hapa Mwanjelwa ni nyingi, ila jaribu kumpelekea mwenye mashine ya unga wa lishe debe la dagaa uone atakavyokutazama: harufu ikiingia kwenye kinu, wateja wa karanga na ulezi wanahama. Huyo inabidi alipwe gharama ya kusaga, pamoja na ile ya kuosha kinu na kupoteza wateja wa mchana mzima.