Noti Iliyopungukiwa na Maneno

Kondakta wa teksi hapa Kampala akipewa noti iliyochanika, huirudisha. Mkusanyaji wa noti hufanya kinyume: iliyokatwa kombo, au yenye namba zilizochapwa mahali pasipo pake, ndiyo anayoilipia zaidi ya thamani iliyoandikwa juu yake. Huko Scotland, ambako benki ya Clydesdale ilitoa noti ya plastiki ya pauni tano mwaka 2015, kasoro za namna hiyo zina wapenzi wake. Sina ugomvi nao. Ila nadhani wanatazama sana ukataji na kusoma kidogo maandishi.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Benki ya Uganda ilifunguliwa Agosti 1966, na miongoni mwa noti zake za kwanza ni ya shilingi mia. Ipo ya aina mbili. Moja ina maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kwa niaba ya Benki ya Uganda", nyingine haina. Katalogi za wakusanyaji huzipa namba mbili na bei mbili, ile isiyo na maneno ikiwa ghali zaidi, kisha hunyamaza.

Mimi naona kazi ya uhakiki inaanzia hapo. Noti ni ahadi, na ahadi ina msemaji. Bila maneno yale, waliotia saini wanaonekana kujidhamini wenyewe, kama mtu anayemwandikia jirani hati ya deni. Kirai kimoja tu kinamwondoa mtu na kuiweka taasisi. Gavana wa kwanza wa benki hiyo, Joseph Mubiru, alitekwa mwaka 1972 chini ya utawala wa Idi Amin na hakurudi. Mwaka uliofuata zikatoka noti zenye sura ya Amin. Ukilijua hilo, nafasi ile tupu haisomeki tena kama tofauti ya bei.

Mwenzangu mmoja alipinga: hilo si kosa, kwani kosa la mashine huangukia karatasi chache, na hili limo katika toleo zima. Nakubali. Lakini karatasi iliyokatwa vibaya hutuambia habari za mashine tu. Hii inatuambia habari za watunzi wa maandishi.

Noti tunazotumia sasa zina Kiswahili pia: shilingi elfu moja, shilingi elfu mbili. Nilipowauliza wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, wengi walitoa pochi kwanza ili wahakikishe.